Kulinda Macho ya Watoto Kijijini: Mwongozo wa Vitamini A, Kuanzia Kliniki Hadi Shambani

Saa kumi na mbili na nusu jioni ndiyo saa ya kupima. Jua limezama, taa haijawashwa, watoto wamezunguka sinia mkekani. Mwaka wangu wa kwanza kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii, huku Kanda ya Ziwa, mama mmoja aliniita kwake saa hiyo hiyo. "Daktari, njoo umwone huyu," alisema. Kijijini kwetu yeyote mwenye begi la zahanati ni daktari. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa anapapasa: mkono unagusa mkeka, unagusa goti la dada yake, unagusa ukingo wa sinia, ndipo unaufikia ugali. Wenzake wanacheka, wanadhani ni mchezo. Na mchana mtoto huyo huyo alikuwa akikimbiza kuku uwanjani bila shida yoyote.

Ulikuwa upofu wa usiku, dalili ya mwanzo kabisa kwamba mwili umeishiwa vitamini A. Kesho yake tulimpeleka zahanati, akapewa dozi, na baada ya siku tatu alikuwa anachukua tonge lake mwenyewe gizani. Ni vitu vichache katika afya vinavyojibu haraka namna hiyo. Na ni vichache vinavyoadhibu vikali namna hiyo ukichelewa, maana hatua za mwisho za ugonjwa huu haziponi.

Mwongozo huu ni wa mama, baba, kikundi cha kina mama au mhudumu mwenzangu anayetaka kulishughulikia jambo hili nyumbani kwake au kitongojini. Niseme mapema ninachoamini baada ya miaka ya kuzunguka na daftari. Miradi ya lishe huzinduliwa kwa ngoma na fulana, kisha hufa kimya kimya mwezi wa nane. Haiuawi na ukosefu wa elimu, kwa sababu kina mama wanajua. Inauawa na marando ya viazi yaliyokauka wakati wa kiangazi. Ndiyo maana sehemu ya shamba nimeiandika kwa urefu kuliko nyingine.

Kwanza, elewa unapambana na nini

Mwili hauwezi kujitengenezea vitamini A. Unaipata kwenye chakula na kuiweka akiba kwenye ini. Akiba ikiisha, jicho linakosa kile linachotumia kuonea kwenye mwanga hafifu. Lakini jicho ni dirisha tu. Vitamini hiyo hiyo ndiyo inayotunza utando laini wa koo, mapafu na utumbo, mahali ambapo vijidudu hubisha hodi kwanza. Mtoto aliyepungukiwa huharisha zaidi, hupata nimonia kwa urahisi, na surua ikimkuta humwangusha.

Hilo halikujulikana vizuri hadi miaka ya 1980. Daktari wa macho Alfred Sommer na wenzake walikuwa Indonesia wakichunguza upofu wa usiku, ambao kule huitwa buta ayam, yaani upofu wa kuku, kwa sababu kuku naye jioni haoni. Katika vijiji vya Aceh walikuta kwamba pale watoto walipopewa dozi kubwa ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, vifo vilipungua kwa takriban theluthi moja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1986, na wengi hawakuyaamini. Mwaka uliofuata zikatoka habari za hospitali ya Mvumi, Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walifariki 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa walifariki 12. Hospitali moja haimalizi ubishi, lakini ushahidi uliendelea kurundikana, na mwaka huo huo wa 1987 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakashauri watoto wenye surua wapewe vitamini A. Kwa hiyo mtu akikuambia haya ni mambo ya Wazungu, mwambie sehemu ya ushahidi imetoka Mvumi.

Hatua ya 1: Tafuta wenye dalili

Usimuulize mtoto mdogo kama anaona. Hajui kuona vizuri kukoje, kwa hiyo atajibu anaona. Muulize mama, na usimuulize "anaona vizuri?" kwa sababu atasema ndiyo. Uliza hivi:

- Jua likishazama, anatembea kama wenzake au anajikwaa?
- Jioni anakaa tu kona moja na kulia akiachwa peke yake?
- Anapata chakula chake mwenyewe kwenye mwanga hafifu, au mpaka awekewe mkononi?
- Mchana je, ana shida hiyo? (Kama shida ipo mchana na usiku, huenda ni ugonjwa mwingine wa macho. Mpeleke akapimwe.)

Kwa mtoto ambaye hajaanza kutembea maswali haya hayasaidii sana. Hapo utategemea kadi ya kliniki na chakula anachokula.

Muulize na mjamzito. Wanawake wengi wenye upungufu huanza kupapasa jioni katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na hawamwambii mtu, wakiamini ni hali ya mimba. Mmoja aliniambia amekuwa akihesabu hatua kutoka jikoni hadi chooni.

Kisha tazama jicho mchana, ukiwa umesimama kivulini na uso wa mtoto ukiuelekea mwanga. Weupe wa jicho la mtoto mzima hung'aa kama yai lililomenywa. Ukiona umefifia, mkavu, una mikunjo, hiyo ni hatua ya pili. Doa jeupe au la kijivu lenye sura ya povu la sabuni lililokauka, mara nyingi upande wa jicho unaoelekea sikio, ni dalili mahsusi. Madaktari huliita doa la Bitot.

Ukiona kile kioo cha mbele ya jicho kimeingia ukungu, au kina kidonda, usisubiri kesho. Kioo kinaweza kulainika na kuharibika ndani ya siku moja au mbili. Tafuta bodaboda, piga simu kituo cha afya, ondokeni leo hii. Mkiwa njiani usitie kitu jichoni: si majani yaliyotwangwa, si maziwa ya mama, si maji ya chumvi. Uchunguzi uliofanywa Tanzania miaka ya 1980 kwa watoto wenye vidonda vya kioo cha jicho ulizitaja dawa za kienyeji za macho kati ya visababishi vikubwa, pamoja na ukosefu wa vitamini A na virusi vya herpesi. Naheshimu miti shamba, bibi yangu alinitibu kwayo, lakini jichoni hapana.

Mtoto mwenye dalili yoyote kati ya hizi hutibiwa kwa dozi tatu: siku ya kwanza, siku ya pili, na nyingine baada ya wiki mbili au zaidi. Hiyo ya tatu ndiyo husahaulika, kwa sababu mtoto ameshapona na mama ana palizi. Iandike tarehe kwenye kadi kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya 2: Soma kadi ya kliniki

Chukua kadi za watoto wote chini ya miaka mitano unaowahudumia, au za wanao tu, uzitandaze mezani. Unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni matone ya vitamini A. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000 mara moja, kwenye kidonge laini ambacho kwa kawaida ni cha bluu. Kuanzia mwaka mmoja hadi kutimiza miaka mitano hupewa yuniti 200,000 kila baada ya miezi sita, na kidonge chake kwa kawaida ni chekundu. Mhudumu hukata ncha ya kidonge kwa mkasi na kumkamulia mtoto mdomoni hapo hapo. Hakitoki nje ya kituo kwenda kumezwa nyumbani. Tanzania zoezi hili kubwa hufanyika mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Kenya ni wiki za Malezi Bora, mwezi wa tano na wa kumi na moja. Ukikosa zoezi, nenda kliniki siku ya kawaida uulize.

Baada ya matone mtoto mmoja mmoja anaweza kutapika, kuumwa kichwa, au mchanga utosi wake kuvimba kidogo. Huisha ndani ya siku moja au mbili. Waambie kina mama kabla, kwa sababu mmoja asipoambiwa atatangaza kisimani kwamba dawa ni mbaya, na zoezi lijalo utakuta foleni nusu.

La pili ni dawa za minyoo, ambazo hutolewa siku hiyo hiyo kwa watoto waliotimiza mwaka mmoja. Minyoo hula chakula ambacho wewe umetolea jasho.

La tatu ni chanjo ya surua-rubela: miezi 9 na miezi 18. Dozi ya miezi 18 ndiyo inayorukwa sana, maana mtoto keshakua na mama keshaacha kwenda kliniki. Surua humaliza akiba ya vitamini A kwa siku chache, na jicho lililokuwa linavumilia huanguka wakati huo. Mtoto akipata surua, hata kama alipewa matone mwezi wa sita, apelekwe kituoni apewe dozi ya matibabu, leo na kesho.

Onyo moja, nalo ni zito: mjamzito asipewe vidonge vya watoto. Dozi kubwa ya mara moja inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mjamzito mwenye upofu wa usiku apelekwe kliniki, kuna dozi ndogo ndogo kwa ajili yake. Vivyo hivyo asile maini kila siku kwa kuambiwa yanaongeza damu. Kipande kimoja kwa wiki hakina neno.

Hatua ya 3: Rekebisha sahani

Matone hununua muda wa miezi minne hadi sita. Kinachobaki ni chakula.

Mtoto mchanga anaanzia kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano ambayo baadhi ya wakunga wa zamani walikuwa wakiyakamua na kuyamwaga. Yamejaa vitamini A. Anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi huku akila.

Kuanzia miezi sita, tazama rangi. Viazi lishe (viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani), boga, karoti, papai bivu, embe bivu: njano iliyokolea na rangi ya machungwa. Kisha kijani kibichi kilichokolea: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mnavu. Vya wanyama vina vitamini A iliyo tayari, mwili hauhangaiki kuigeuza: maini, mayai, maziwa yasiyoondolewa mafuta, na samaki wadogo wanaoliwa wazima, kichwa na utumbo, kama dagaa. Watu wa Kigoma na wenzetu wa Kongo wana hazina ambayo hawaisemi: mawese mekundu. Wekundu ule ndio vitamini yenyewe. Wengi huyachoma kwenye sufuria hadi yawe meupe ili yasipake rangi mboga, na hapo wameichoma dawa. Pika nayo yakiwa mekundu, au ongeza kijiko mwishoni mboga ikishaiva.

Na mafuta kwa ujumla. Vitamini iliyo kwenye mboga na matunda haiingii mwilini vizuri bila mafuta kidogo. Kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli la mtoto kinatosha, au karanga zilizotwangwa. Nimekuta nyumba zinazokula mchicha kila siku, wa kuchemsha na chumvi tu, na mtoto anapapasa. Mama akaniuliza kwa uchungu kabisa, "Sasa daktari, nimekosea wapi?" Hakukosea. Alikuwa amepungukiwa kijiko kimoja.

Ukinunua mafuta ya dukani, tafuta yaliyoandikwa kwamba yameongezwa virutubishi. Na mwambie mwenye duka asiyaanike juani kwenye chupa nyeupe ili yang'ae, kwa sababu mwanga unaua vitamini A. Nyumbani yaweke kabatini, yafunikwe.

Hiki ndicho chakula ninachofundisha kwa mtoto wa miezi minane, na hakihitaji blenda:

Osha kiazi lishe kimoja cha ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, ukichemshe na maganda yake, sufuria imefunikwa, hadi uma uingie bila kusukuma. Wakati huo kaanga dagaa wakavu kiganja kimoja bila mafuta, kwenye moto mdogo, hadi wavunjike ukiwabana kwa vidole. Dagaa wa kuanikwa chini wana mchanga: wapepete kwenye ungo kwanza, kisha wasugue kwenye kitambaa, kisha wapepete tena. Wale wa kuanikwa juu ya chanja wana bei zaidi kidogo lakini watakuokolea nusu saa. Watwange, chekecha kwa chujio la chai. Menya kiazi, kiponde kwa mwiko, weka kijiko kimoja cha chakula cha unga wa dagaa, kijiko cha chai cha mafuta, na maziwa au maji yaliyochemshwa hadi kilainike bila kumwagika. Kikikaa kwenye kijiko ulichokiinamisha, hapo ndipo. Uji mwepesi unaotiririka hujaza tumbo, haujazi mtoto.

Kiasi: miezi 6 hadi 8, anza na vijiko viwili vitatu na kupanda hadi nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara tatu au nne. Baada ya mwaka, robo tatu hadi kikombe kizima, na vitafunwa katikati, papai linatosha.

Hatua ya 4: Shamba la viazi lishe, na kiangazi kinachokuja

Kwa nini viazi na si karoti? Kwa sababu karoti inanunuliwa na kiazi kinalimwa. Kiazi lishe chenye rangi iliyokolea, kipande cha gramu 125 hivi, kinatosheleza mahitaji ya vitamini A ya siku nzima kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Kiazi cheupe tulichozoea kina karibu sifuri. Mbegu zinazojulikana kwetu ni Kabode na Mataya; Uganda na Kenya utasikia Kabode na Vita. Ejumula ni tamu sana ila hushambuliwa upesi na virusi. Kabode na Vita zimetoka Uganda, kazi ya mtafiti Robert Mwanga na wenzake, na mwaka 2016 Mwanga alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Tuzo ya dunia kwa sababu ya viazi vitamu! Ukiona kikundi kimekata tamaa, wasimulie hilo.

Wazee watalalamika. Bibi mmoja alikimega kimoja, akakitazama ndani, akaniambia, "Mjukuu wangu, hivi ni maji matupu." Ana haki: viazi vingi vya rangi hii si vikavu kama vile vyeupe vya unga unga. Usibishane naye. Watoto wanavipenda kwa sababu hiyo hiyo, ni laini na vitamu. Panda vyeupe vya bibi na vya rangi vya mjukuu, kila kimoja na tuta lake.

*Upande kiasi gani.* Piga hesabu ya nyumba yako. Watoto wawili, kiazi kimoja kwa siku kila mmoja, miezi mitatu: viazi 180. Shina moja likitoa viazi vitatu tu, unahitaji mashina 60. Lakini na wakubwa watakula, na panya, na jirani ataomba, kwa hiyo zidisha mara tatu, tuseme mashina 200. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 30, hayo ni matuta sita ya mita kumi kumi. Si shamba kubwa. Ni eneo la nyuma ya nyumba.

*Marando.* Chukua kutoka shina lenye majani mapana yasiyokunjamana, yasiyo na mabaka ya njano. Majani madogo yaliyojikunja ni virusi, na ukiyapanda umepanda ugonjwa. Kata sehemu ya juu na ya kati, urefu wa sentimita 30 hivi. Ile ya chini karibu na udongo iache, fukusi hutaga huko. Fukia theluthi mbili ya rando kwenye tuta, vifundo visivyopungua vitatu viwe chini ya udongo. Matuta yaachane kama mita moja, na yawe mbali na shamba la viazi la msimu uliopita.

*Fukusi.* Huyu mdudu haingii kwa kuchimba. Huingia kwenye nyufa. Viazi vinaponenepa na ardhi inapokauka, tuta hupasuka. Pita na jembe uzibe nyufa kila wiki. Vuna kwa wakati, miezi minne hivi, usiviache ardhini ukichimba vya leo leo kama tulivyozoea kwa vile vyeupe. Ukikuta kiazi kichungu chenye vitobo, kichome au ukifukie kwa kina. Usimtupie mbuzi pembeni ya shamba.

*Kiangazi.* Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe. Kikundi cha kwanza nilichokisaidia kilikuwa na kina mama kumi na wanane. Mwezi wa pili tulipata marando mazuri, tukapanda, mwezi wa sita tukavuna, tukapiga picha, tukapika siku nzima. Mwezi wa kumi mvua za vuli ziliponyesha, nikaenda kuwauliza kama wako tayari. Hakuna aliyekuwa na rando hata moja. Jua lilikuwa limekausha, na kilichobaki mbuzi walikimaliza. Na mradi uliotugawia mbegu mara ya kwanza ulikuwa umefungwa. Tulikaa mwaka mzima bila kiazi cha rangi.

Siku hizi nafundisha njia ya mchanga, ambayo imejaribiwa na kufanya kazi vizuri hapa kwetu na Uganda. Haina gharama:

1. Siku ya kuvuna, kabla hujala wala kuuza, chagua viazi 20 hadi 40 vya ukubwa wa kati, kutoka mashina yenye afya, visivyo na kitobo wala mchubuko. Hivi si chakula tena, ni mbegu. Waambie watoto.
2. Chukua beseni la plastiki au ndoo pana, tandika magazeti ndani. Mimina mchanga mkavu kabisa uliokwisha kupoa. Mchanga wa moto kutoka juani utavipika.
3. Panga viazi visigusane, mwaga mchanga, panga tena, mwaga tena. Tabaka la juu liwe na mchanga wa unene wa kiganja.
4. Weka ndani ya nyumba penye ubaridi, kuku na panya wasifike. Usifunike kwa kifuniko kinachobana.
5. Mara moja kwa mwezi vifukue, ondoa kilichooza, vunja chipukizi zilizokuja mapema sana, rudisha.
6. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vihamishie kwenye kitalu kidogo karibu na maji, chenye samadi na uzio wa miiba. Nafasi ya nusu mita. Mwagilia. Kila kiazi kinaweza kukupa marando kama 40.

Viazi 40 vinaweza kutoa marando kama 1,600, yanatosha nyumba nane za mashina 200. Na mvua ikinyesha siku ya kwanza, wewe unapanda siku ya pili. Jirani anayetafuta marando kwa baiskeli atapanda wiki ya tatu.

Ukiwa na migomba inayonyweshwa na maji ya bafu, kuna njia ya mkato: panda mashina kumi hapo kivulini mwezi wa saba. Yataishi. Lakini nimeona mbuzi mmoja akimaliza kitalu cha namna hiyo wakati wa sala ya Ijumaa, kwa hiyo beseni la mchanga lisikosekane.

Hatua ya 5: Kukausha bila kuua rangi

Wasukuma tuna michembe na matobolwa: viazi vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, au vilivyochemshwa kwanza. Ni akiba nzuri ya njaa. Lakini kuanika juu ya mwamba jua kali siku tatu, kama tufanyavyo, huitoa rangi, na rangi ndiyo mita yako: kikianza kupauka, vitamini imeondoka nayo. Kata vipande vyembamba ili vikauke haraka, anika juu ya chanja penye upepo na kivuli, au funika kwa kitambaa cheusi. Hifadhi kwenye mfuko usiopitisha mwanga. Hata hivyo, baada ya miezi minne hivi sehemu kubwa ya vitamini itakuwa imekwenda. Mle kwanza vya rangi, vyeupe vingoje.

Hatua ya 6: Uso na choo

Kuna adui mwingine wa macho ambaye vitamini haimgusi. Trakoma, au vikope, ni maambukizi yanayorudi rudi hadi kope zinageuka kuelekea ndani na kusaga kioo cha jicho. Tanzania yamezisumbua sana sehemu za Dodoma, hasa Kongwa, na maeneo ya wafugaji. Kenya ni Turkana, Narok, Kajiado na jirani zake. Yanasambazwa kwa vidole, kanga ya kufutia watoto wote, na nzi.

Nzi huyu wa usoni hupenda kuzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Ndani ya choo cha shimo hazaliani vizuri. Kwa hiyo choo hata cha miti na udongo ni dawa ya macho, na kinyesi cha mtoto nacho kitupwe chooni.

Kuosha uso hakutaki ndoo. Tundika kibuyu chirizi mlangoni: dumu la lita tano, tundu la msumari karibu na mdomo, kamba ya kuliinamisha kwa mguu. Mtoto akinawa kiganja kimoja cha maji asubuhi na kimoja jioni, makamasi na tongotongo zikatoka, nzi hana kazi hapo. Timu ya kugawa dawa ya trakoma ikija, meza, hata kama macho yako ni mazima. Na mama mkubwa anayejing'oa kope kwa kibano kila wiki apelekwe afanyiwe upasuaji mdogo. Haumalizi hata asubuhi moja.

Hatua ya 7: Daftari

Daftari la kurasa 40 linatosha kitongoji. Safu tano: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, matone ya mwisho, surua-rubela ya pili, na jioni anaonaje. Pita mara mbili kwa mwaka.

Ukisoma haya mwezi wa sita una bahati, mambo mawili yanakutana: matone yanatolewa kliniki na viazi vinatoka ardhini. Asubuhi mpeleke mtoto. Mkirudi, kabla hamjawasha moto, chagua vile 40 na uandae beseni la mchanga mkavu. Ukisoma mwezi wa nane na beseni huna, muulize jirani aliye karibu na bonde kama bado ana shina moja la kijani, na umpelekee maji.